Siku ya Usafi wa Kina, Mpishi Asishike Ufagio

Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii: "Dada, msimu ukibadilika nasafisha nyumba yote peke yangu mpaka mgongo unagoma kunyooka, halafu mchana wanakuja kuniuliza tunakula nini. Wewe wa kwako unawafanyaje?"

Nilicheka, kisha kicheko kikakata. Hilo swali la tunakula nini nimeulizwa miaka na miaka nikiwa juu ya ngazi, tambara begani. Usafi wenyewe hauchoshi kiasi hicho. Kinachommaliza mtu ni kusafisha huku anapika: kitunguu kinaungua jikoni, ndoo ya maji machafu inamsubiri koridoni, na watoto wamejilaza kwenye kochi alilokwisha kulipangusa.

Kwangu hayo yalikwisha. Jumamosi iliyopita tumefanya usafi wa kina nyumba nzima, tukala, na alasiri mimi nikalala. Nasema kwa kujidai, na sababu ninayo. Nina wifi yangu ambaye zamani alipitisha kidole juu ya friji yangu mbele za watu, akakitazama, akakifuta taratibu kwenye kitambaa changu cha meza. Hakusema neno. Wageni nao wakajifanya wanaangalia kwingine. Angesema, ningemjibu tukayamaliza. Kule kunyamaza ndiko kulikobaki moyoni. Siku hizi akija anakaa, anakula, anaongeza, na kidole kimetulia. Sijamuuliza kitu.

Haya, turudi kwenye swali. Mimi nashika jambo moja tu: chakula cha siku ya usafi kinapikwa jana yake, na kinatoka kwenye kabati lilelile linalosafishwa. Kwa hiyo Ijumaa jioni naanza na kabati la vyakula na friji, maana hapo ndipo mahali pekee ambapo kusafisha na kupika ni kazi moja.

Toa kila kitu, usibakize hata kopo. Pakiti za unga zifungue uzitazame ndani: ukiona chembe zimeshikana kwa nyuzi nyembamba mfano wa utando, hao ni viwavi wa nondo wa vyakula, na pakiti hiyo itoke nje ya nyumba usiku huohuo. Usiishie kufuta katikati ya rafu. Pitisha kitambaa kwenye pembe, kwenye bawaba na kwenye vitundu vya skrubu, maana huko ndiko wanakojificha. Viungo vinuse, kisichonukia hakina kazi kwenye sufuria. Friji nayo ifutwe sasa ikiwa karibu tupu, kabla hujaingiza chakula cha kesho.

Vilivyobaki mezani ndiyo menyu. Kwetu mara nyingi ni nusu pakiti ya maharage, dengu kidogo, mchele wa mwisho wa mfuko. Juu yake naongeza kile ambacho msimu umekimwaga sokoni. Kama ni nyanya, umepona. Nyanya ya msimu wake imeiva hadi ndani, haihitaji kubembelezwa. Kitunguu, mafuta, nyanya nyingi kuliko unavyodhani zinatosha, chumvi, sufuria bila kifuniko. Mwanzoni itarukaruka na kuchafua jiko. Mwache jiko achafuke, kesho ana siku yake. Maji yakikauka na mafuta yakaanza kujitenga pembeni, rosti imeiva. Inakaa vizuri kwenye friji, na inaingia kwenye chochote: dengu, mayai, viazi, wali. Kama msimu ni wa mboga za majani, zioshe na kuzikata usiku, zipikwe kesho dakika chache tu kabla ya kula.

Maharage yatoe kabatini mapema, yaloweke tangu asubuhi ya Ijumaa, na maji ya kulowekea yamwage. Yale mekundu makubwa yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 ndipo upunguze moto, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu inayotapisha, na moto wa polepole peke yake hauimalizi. Yakiiva yagawe kwenye vyombo vipana yapoe upesi, yaingie kwenye friji kabla ya kupita muda wa saa 2. Kesho ni kupasha mpaka yatoe mvuke kotekote. Basi. Hakuna atakayesimama jikoni.

Siku yenyewe, kila mtu apewe sehemu yake mwanzo hadi mwisho. Usiwaite kwa mafungu, "njoo shika hapa, sasa nenda pale," kama vibarua wasiojua jengo ni la nani. Kijana wetu mrefu ana dari, feni na tandabui zote. Binti ana vyoo na bafu kwa kuchagua mwenyewe, eti ni chumba kidogo kinaisha haraka (hajui bado kinavyodanganya). Kitindamimba ana viatu: atafute pacha ya kila kimoja, na kilichokosa mwenzake akitangaze kwa sauti. Mapazia na kufua sielezi, mnajua.

Juu kwanza, chini mwisho. Kavu kwanza, maji mwisho. Ukipiga deki kabla dari haijaguswa, utapiga deki tena. Nimelisema hilo kwangu mpaka watoto wananiigiza, na bado nalisema. Vioo usivioshe jua likiwa limevipiga, maji hukauka kabla hujafuta na kuacha michirizi.

Kuhusu dawa niwe mkali kidogo. Klorini usiichanganye na siki, usiichanganye na chochote chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma macho na mapafu, na bafu dogo lililofungwa ni mahali pabaya pa kujifunzia hilo. Klorini haifanyi kazi juu ya uchafu pia. Sugua kwa sabuni, suuza, ndipo uipake, uiache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Maji yawe ya baridi, ya moto huivunja nguvu. Na ile siki na beking soda mnayopenda kumwaga pamoja kwenye sinki, povu ni tamasha tu: vinauana, kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi. Tumia kimoja kimoja.

Sasa niseme ambalo litawaudhi wengine. Mtoto akimaliza sehemu yake, usimfuate nyuma ukirudia. Kioo kikiwa na alama, muite akione, afute mwenyewe. Wapo akina mama wanaolalamika hawasaidiwi, na hapohapo kila kazi ya mtoto wanaipokonya kwa kuwa haikufanywa walivyotaka wao. Unamfundisha nini? Kwamba akiharibu kidogo ataachiwa. Tunalea watu wa kuja kuishi na watoto wa wenzetu. Nyumba wanaichafua wote, mlango wanaupita wote, choo wanakitumia wote, basi na ufagio uwazunguke wote, hadi kwa yule anayejiona mkubwa.

Uliniuliza pia kuhusu mumeo, anayekuwa na safari za ghafla kila siku ya usafi. Mwachie magodoro. Yatoeni juani asubuhi na watoto, muagane naye vizuri, aende zake. Akirudi jioni atayakuta hukohuko, na hana pa kulala mpaka ayaingize.