Tarehe 03/04 ni ipi?

SWALI: Programu yetu huandika 03/04/2025. Baadhi ya watumiaji husoma Aprili 3, wengine Machi 4. Isitoshe, tarehe za kuzaliwa za watu wengine hurudi nyuma siku moja. Tatizo liko wapi?

JIBU: Andikeni mwezi kwa herufi: 3 Aprili 2025. Hapo hakuna wa kubahatisha. Kwenye majina ya mafaili tumieni 2025-04-03, mpangilio wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe: mwaka, mwezi, siku. Hata kompyuta ikiyapanga kama maandishi tu, siku zitafuatana sawasawa.

Hilo la kuzaliwa chanzo chake ni hifadhidata. Mmeihifadhi siku kama 00:00 UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima), na kwa mtu aliye New York huo bado ni usiku wa jana yake. Siku ya kuzaliwa haina saa: hifadhini tarehe tupu, msiipitishe kwenye ukanda wowote wa saa. UTC iacheni kwa mambo yaliyokwisha kutokea. Mkutano ujao uhifadhiwe kwa saa ya mahali pamoja na jina la ukanda, mfano Europe/London, kwani tofauti yake na UTC hubadilika majira ya joto.

“Dakika 5 zilizopita” inafaa kwa ujumbe mpya. Kwenye risiti ni upuuzi. Na siku ya mwisho ya maombi iandikwe 23:59, si 00:00, watu wasibishane ni usiku upi.