Kamera ya kwanza kwa laki nane: jibu kwa mdogo wetu wa Mbalizi

Mdogo wangu, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu, kwa sababu mwaka 2016 nilikuwa nalo mimi mwenyewe na sikuwa na wa kumuuliza. Umesema una shilingi 800,000 ulizozipata kwenye viazi, unataka kamera ya DSLR, yaani ile kubwa ya kubadilisha lenzi, ili uanze kupiga picha za kipaimara, mahafali na harusi, na kwamba duka moja mjini limekushauri uongeze fedha kidogo uchukue kamera mpya ya megapikseli 24 (yaani picha yenye nukta milioni 24) yenye lenzi mbili ndani ya boksi. Waliotangulia kukujibu wamebishana sana kuhusu kampuni mbili za kamera, Canon na Nikon. Naomba nianzie kwingine: kazi ulizozitaja zinafanyika wapi, na mahali hapo pana mwanga kiasi gani.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kipaimara katika kanisa moja karibu na Tukuyu, mwezi wa Juni. Nilikuwa na Nikon D3200, yenye megapikseli 24 hizo hizo, pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55 ambayo kamera nyingi za kuanzia huuzwa nayo. Nje ukungu ulikuwa haujaondoka hadi saa nne asubuhi, madirisha ya kanisa yalikuwa madogo, na taa zilizowaka zilikuwa mbili tu, juu ya madhabahu. Mchungaji alikuwa ameomba mapema kwamba flashi isitumike wakati wa kuwawekea watoto mikono. Nilipovuta lenzi hadi milimita 55 ili nimpate mtoto aliyepiga magoti, tundu la lenzi halikuweza kufunguka zaidi ya f/5.6, na hata baada ya kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, hadi 1600 kamera ilinipa kasi ya 1/15 ya sekunde, yaani muda ambao kamera hubaki wazi kupokea mwanga. Kwa kasi hiyo mkono unaoshuka kichwani pa mtoto huonekana kama moshi. Nilirudi na picha zaidi ya mia mbili, na zile ambazo nyuso zake zilikuwa zimetulia hazikufika arobaini. Mama mmoja aliitazama picha ya binti yake kwenye kioo cha kamera, akaniuliza kwa upole kama ipo nyingine. Haikuwepo.

Kamera haikuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa lenzi, na hesabu yake ni nyepesi. Namba hiyo inayoandikwa baada ya f inaeleza upana wa tundu linalopitisha mwanga, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa pana. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaoingia huongezeka karibu mara kumi. Pale pale kanisani, kwa ISO ile ile, lenzi ya f/1.8 ingenipa kasi ya 1/125 ya sekunde au zaidi kidogo, nayo inatosha kabisa kumsimamisha mtu aliyepiga magoti na mkono uliowekwa juu yake. Hakuna idadi ya megapikseli inayoweza kufanya kazi hiyo. Ndiyo maana ninasema kwamba fedha ikiwa ndogo, upange kwanza namna ya kununua lenzi yenye tundu pana, ndipo utafute kamera ambayo lenzi hiyo itafanya kazi juu yake bila shida.

Maneno hayo ya mwisho nayaandika kwa sababu kosa langu la pili lilikuwa hapo. Baada ya kipaimara kile niliagiza Dar es Salaam lenzi ya Nikon ya milimita 50, f/1.8, iliyotumika, ikaja na basi. Niliifunga, nikabonyeza kitufe nusu ili ilenge yenyewe, na hakuna kilichozunguka. Nilidhani nimetapeliwa. Kumbe lenzi ilikuwa nzima, ila ilikuwa ya aina ya AF yenye herufi D mwishoni, ambayo haina mota ya kulenga ndani yake na hutegemea mota iliyomo kwenye kamera, na kamera zote za Nikon za D3000 na D5000 pamoja na ndugu zao, yaani D3100, D3200, D3300, D5100, D5200 na nyinginezo, hazina mota hiyo. Zinahitaji lenzi iliyoandikwa AF-S. Zile mpya zaidi zilizoandikwa AF-P zina mota yake, lakini kamera za zamani kama D3100 na D3200 haziwezi kuiendesha. Kwa miezi saba nililenga (wengine huita fokasi) kwa mkono, nikizungusha pete ya lenzi taratibu huku nikiangalia kitone cha kijani kinachowaka upande wa chini wa kiona-picha pale kitu kinapokuwa kimekaa sawa. Nilijifunza mengi kwa njia hiyo, lakini bwana harusi anayetembea kuelekea madhabahuni hasubiri kitone kiwake.

Nilichofanya baadaye kiliwashangaza wenzangu. Niliiuza D3200 ya megapikseli 24, iliyotoka mwaka 2012, nikanunua D7000 iliyotumika, ya mwaka 2010, yenye megapikseli 16. Kwa hesabu ya dukani nilikuwa nimerudi nyuma. Lakini D7000 ina mota ndani, kwa hiyo lenzi yangu ya milimita 50 ilianza kulenga yenyewe siku hiyo hiyo, na nilipopelekwa tena kwenye kipaimara mwaka uliofuata, nilirudi na picha za watoto wote.

Kwa upande wa megapikseli usihangaike. Canon 1100D ya mwaka 2011, ambayo wengi wanaidharau kwa kuwa ina megapikseli 12 tu, hutoa picha yenye nukta 4272 kwa 2848. Ukiichapisha kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi unapata karatasi ya sentimita 36 kwa 24, kubwa kuliko A4. Wateja wetu wengi huku wanataka picha za 5 kwa 7 za albamu na nyingine za kurusha WhatsApp.

Sasa nije kwenye Canon na Nikon, kwa kuwa ndizo waliotangulia walizobishania. Lenzi zote za Canon za aina ya EF, tangu mfumo huo ulipoanza mwaka 1987, zina mota ndani yake, na zinaingia kwenye kila DSLR ya Canon. Kwa mtu anayenunua vitu vilivyotumika, kwa vipande na kwa simu, hilo ni kinga kubwa dhidi ya kosa lililonipata. Kwa hiyo kwa laki nane zako ningetafuta Canon 600D au 1200D iliyotumika pamoja na lenzi yake ya 18 hadi 55, kisha lenzi ya milimita 50, f/1.8. Kamera hizo mbili zina megapikseli 18. 600D ina kioo kinachogeuka, jambo linalosaidia sana unapoinua kamera juu ya umati wa mahafali. Fahamu tu kwamba kwenye kamera hizi milimita 50 huona kama milimita 80, yaani huvuta karibu zaidi, maana kihisi cha picha, kile kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo kuliko filamu ya zamani. Sebuleni kwa watu utajikuta umeegemea ukuta na bado bibi na wajukuu wake hawajaenea. Hapo ndipo unaporudisha ile ya 18 hadi 55, na ndani ya nyumba unaruhusiwa flashi. Kuna sababu nyingine ambayo haimo katika maelezo ya kiwandani: waulize wapiga picha wa Mbalizi na Mwanjelwa wanatumia nini, kwa kuwa siku betri au lenzi yako itakapogoma Jumamosi asubuhi, utaazima kwa jirani, na ya jirani lazima iingie kwako.

Boksi la lenzi mbili liache. Lenzi ya pili katika maboksi mengi ya bei nafuu ni ndefu, ya milimita 75 hadi 300 au inayofanana nayo, na tundu lake ukivuta mwisho ni f/5.6. Ya Canon ya 75 hadi 300 haina hata kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono. Kwenye jua kali la uwanja wa Sokoine itakufaa, lakini kanisani na ukumbini itakurudisha kwenye moshi ule ule.

Kuhusu kukagua kamera iliyotumika, nenda mchana, ukiwa na kadi yako, na usikubali kuharakishwa. Toa lenzi, washa tochi ya simu na uangaze kupitia upande wa nyuma huku ukitazama kutoka mbele. Vumbi kidogo si kitu. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zinazotambaa kwenye kioo kama utando wa buibui, mara nyingi zikianzia pembeni. Huo ni ukungu wa kuvu, na ukiuona, hata kama muuzaji anapunguza bei kwa nusu, rudisha lenzi mezani. Kisha weka f/22, piga picha ya mbingu au ukuta mweupe, uikuze kwenye kioo uone madoa ya uchafu wa kihisi. Piga kwa kasi ya 1/4000 mara kumi. Ukiona mstari mweusi upande mmoja wa picha, shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, inakaribia kufa. Kila shata ina umri wake, kwa mfano Nikon walitangaza kuwa ile ya D3200 ilijaribiwa kwa mapigo 100,000 na ya D7000 kwa 150,000. Nikon nyingi huandika idadi ya mapigo ndani ya faili la picha, na unaweza kuisoma kwenye kompyuta. Kwa Canon nyingi inabidi kutumia programu maalumu na waya, hivyo tazama uchakavu wa raba ya mshikio na vitufe. Mwisho, andikishaneni, kukiwa na nakala ya kitambulisho cha muuzaji, maana kamera za kuibiwa zipo.

Hilo la ukungu wa kwenye lenzi naomba ulichukulie kwa uzito kuliko mtu wa Dodoma. Sisi tunaishi jirani na Rungwe, ambako mvua ni nyingi na nguo hukataa kukauka, na begi la ngozi lililofungwa kabatini ndilo shamba zuri la ukungu. Mimi huweka vifaa vyangu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, na kila Jumapili navitoa vipigwe na hewa. Vilevile ukitoka Mbeya alfajiri ya Julai ukateremka hadi Kyela, ambako joto na unyevu wa ziwa hukupokea, usifungue begi mara moja. Kamera bado ina baridi ya huku juu, na hewa ya kule itaganda kwenye kioo kama jasho. Iache ndani ya begi nusu saa.

Mgawanyo wa fedha ningeufanya hivi. Laki nne na nusu, usizidishe, kwa kamera na lenzi yake ya 18 hadi 55. Laki mbili kwa lenzi ya milimita 50 iliyotumika. Zinazobaki ni za betri ya pili, kadi mbili ndogo badala ya moja kubwa, na begi lisiloingiza maji. Angalia betri kabla ya kulipa: 550D, 600D, 650D na 700D hutumia LP-E8, ilhali 1100D, 1200D na 1300D hutumia LP-E10, na haziingiliani. Flashi ya nje itasubiri kazi mbili tatu za kwanza. Hata ukiwa nayo, makanisa yetu mengi yana bati tupu lililo juu sana, kwa hiyo mwanga ukiuelekeza juu haurudi.

Kabla hujatuma fedha kwa mtu yeyote, mwombe akupigie picha ya sehemu ya mbele ya lenzi, pale kwenye pete penye maandishi, kisha uyaandike hapa herufi kwa herufi na namba kwa namba pamoja na jina la kamera. Nitakujibu kama mota ipo.