Mkopo haujui mbalamwezi

Mwaka 2021 mwenzenu nilikuwa na meza pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, nauza dagaa wakavu, na sikuwa nadaiwa na mtu. Watoto wanasoma, kodi inalipwa, jumapili tunakula sato. Shida ilianza pale nilipoanza kuhesabu magunia ya wenzangu, mtu anatoka Kongo anapakia lori zima mimi nimekaa na visado vyangu, nikasema hapana aisee, na mimi lazima niwe tajiri. Kwa wasiojua, huku ziwani tajiri ni mwenye mtumbwi, hata kama nyumbani hana hela ya chumvi.

Nikakopa milioni 2 kwenye hii mikopo ya vikundi tunayoita kausha damu, marejesho 120,000 kila jumatatu kwa wiki 24. Piga hesabu mwenyewe, mimi sikupiga. Nikachanganya na mtaji wote wa mezani nikanunua mtumbwi wa mkononi, nyavu na taa, nikaupeleka Ukerewe na vijana wanne.

Kinachoniuma ni kwamba nilichokisahau nakijua tangu mtoto. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, unawasha taa juu ya maji wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, taa yako inakuwa kama mshumaa mchana, kwa hiyo wavuvi wanapandisha mitumbwi mchangani wanafua nguo wanacheza drafti wanasubiri giza lirudi. Wiki na zaidi kila mwezi, ndivyo ilivyo miaka yote. Ila kwa afisa mkopo jumatatu ya mbalamwezi ni jumatatu kama zingine, anakuja na daftari lake saa nne kamili. Halafu masika ikaingia, dagaa wakanyeshewa mchangani siku mbili mfululizo wakaoza, nikawauza bei ya chakula cha kuku. Nikashindwa rejesho, wanakikundi tuliodhaminiana wakanilipia mara ya kwanza, mara ya pili wakabeba friji na tivii. Mtumbwi nikautoa nusu bei.

Watu wakaanza, si tulikwambia uridhike. Hapo ndo nataka tuelewane, maana mtu ukianguka kila mmoja anageuka shehe au mchungaji. Meza ya jirani yangu kuna mama mmoja wa Kisukuma, miaka yote anauza pale pale, ukimuuliza anakwambia mwanangu mimi sina tamaa, kinachopatikana kinatosha. Nikamwamini kabisa. Siku moja kanituma nimpelekee mzigo Buhongwa nakuta ana vyumba sita vya kupangisha na cha saba kiko kwenye lenta! Nikamuuliza mama ulijengaje, akacheka, akasema siku za giza nanunua tofali, siku za mbalamwezi nalala. Yani kuridhika kwake kulikuwa na ramani ndani.

Kwa hiyo mimi simwambii mtu aache kutamani. Nachomwambia aangalie hela yake inaingiaje kabla hajakubali tarehe za kuitoa. Kama kipato chako kinafuata mwezi, mvua au mavuno, usichukue deni la kila wiki, hata riba iwe ndogo. Mchezo wa kijumbe, ule wa kuchangishana na kupeana kwa zamu, wa watu mnaojuana, angalau mnaweza kukaa mkapanga zamu zikwepe mbalamwezi, sisi tunafanya hivyo na hakuna anayenuna. Na mtaji wa mezani usiuguse, kitu kipya kianze na faida. Ningeacha hata gunia tano tu mezani, ile friji ingekuwepo leo.

Lingine ni hili, na hapa najisema mwenyewe. Siku hizi nimerudi mezani na nikiulizwa najibu nimeridhika, jibu zuri, watu wanaitikia amina. Lakini mwaka jana kijana mmoja aliniletea mtumbwi mzuri kwa bei ya kutupa, hela ninayo yangu mwenyewe bila deni, nikakataa haraka haraka hata sijaukagua. Usiku nikakosa usingizi. Kule hakukuwa kuridhika, ilikuwa woga umevaa kanga ya kuridhika.

Basi nimeanza upya taratibu. Taa mbili za sola ziko chini ya kitanda tangu mwezi wa tisa, mume wangu anagonga nazo vidole kila asubuhi analalamika. Nyavu nategemea zamu yangu ya kijumbe.

Mtumbwi bado. Yule mama anasema ana mtu Ukara anauza, tunaenda kuangalia giza likiisha.