Je, Nikolai Klyuev aliyapinga Mapinduzi tangu mwanzo?

Ndugu, umeuliza iwapo Klyuev, mshairi wa wakulima wa kaskazini mwa Urusi, alikuwa mpinzani wa Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 tangu mwanzo. Hapana, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mwaka 1906 alifungwa na serikali ya mfalme kwa kuwachochea wakulima, na mwaka 1918 alijiunga na chama cha Bolshevik, chama cha kikomunisti kilichoongozwa na Lenin, katika mji wa Vytegra, akamtungia Lenin mashairi yanayomfananisha na viongozi wa Waumini wa Kale (Wakristo wa Urusi waliokataa mageuzi ya kanisa ya karne ya 17), jambo ambalo nadhani liliwashangaza wanachama wenzake. Alitarajia kwamba Mapinduzi yangemrudishia mkulima ardhi bila kumnyang'anya ikoni zake (picha takatifu), nyimbo zake wala Mungu wake. Chama hakikuwa na matarajio hayo, na mwaka 1920 kikamfukuza kwa sababu ya imani yake ya dini.

Baadaye alitunga utenzi wa kuomboleza vijiji vya kaskazini vilivyoangamia, nao haukuchapishwa nchini mwake akiwa hai. Alikamatwa Moscow mwaka 1934, akapelekwa uhamishoni Siberia, na mwaka 1937 akapigwa risasi huko Tomsk. Mshairi Yesenin, aliyewahi kuwa kama mwanafunzi wake, alikuwa amekwisha kufariki tangu Desemba 1925.