Kikuba huanzia uwani: ninavyootesha na kuandaa maua ya harusi

Nimefunga vikuba, yaani vishada vidogo vya maua na majani ya kunukia vinavyovaliwa kifuani, na kutunga makoja ya shingoni ya harusi kwa miaka mingi hapa Unguja. Wasichana wanaokuja kujifunza huniuliza uzi upite wapi, rehani ikae juu au chini. Mimi huwauliza kwanza maua yao wameyachuma saa ngapi. Kufunga kikuba mtu hujifunza kwa siku mbili tatu, lakini ua lililochumwa vibaya halina fundi.

Hilo nilijifunza kwa uchungu. Alipoolewa binti wa dada yangu nilijitolea maua yote. Nikachuma asumini saa 6 mchana kwa kuwa ndipo nilipopata nafasi, nikaziosha vumbi, nikazitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga na kuuweka kwenye friji. Baada ya isha nikaufungua. Vitumba vilikuwa laini kama vilivyochemshwa, vimeingia rangi ya chai, na harufu ni ya majani yaliyooza. Bibi harusi alikwisha kupakwa hina, amekaa anasubiri. Bibi yangu akakitia kitumba kimoja kiganjani, akakigeuza, akasema, "Mjukuu wangu, hili ua umelichemsha kwa jua, kisha ukalizamisha." Usiku ule tulimtuma kijana mjini akanunue alichokikuta.

Sasa asumini huzichuma nyakati mbili tu: baada ya sala ya alfajiri kabla jua halijapiga, au kuanzia alasiri, saa 10 hivi. Ninachotafuta ni kitumba kilichojaa, cheupe pe mpaka shingoni, nacho bado kimefumba. Chenye ukijani kitabaki kimefumba hata ukikikalia usiku kucha. Kilichokwisha kufunuka kimeshamwaga harufu yake. Kile kilichoiva hufunuka chenyewe magharibi ikiingia, hata kama kimo kwenye uzi. Ndiyo maana koja hutungwa vitumba vingali vimefumba: bibi harusi analivaa, na maua yanafunguka juu yake.

Nikishachuma sioshi. Natandika jani bichi la mgomba kwenye ungo, naweka vitumba bila kuvirundika, halafu nafunika kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa mpaka hakidondoshi hata tone. Ungo unakaa kivulini penye upepo, mbali na jiko. Kama vumbi linakusumbua, mwagilia majani ya mti jana yake jioni.

Mti wenyewe hautaki makubwa, ila unataka jua. Asumini iliyopandwa chini ya mwembe itakupa majani ya kupendeza na maua ya kuhesabu. Mimi huotesha kwa vipande, wakati wa masika, tawi ambalo si changa wala halijawa gumu kama kuni, lenye vifundo vitatu, kimoja kikiwa ndani ya udongo. Kosa ninaloliona kwenye nyua nyingi ni kuuonea mti huruma. Asumini hutoa maua kwenye machipukizi mapya. Mti ukishamaliza zamu moja ya maua naukata matawi kama theluthi, nautia samadi iliyooza vizuri, na baada ya wiki kadhaa machipukizi yanakuja na vitumba nchani. Wadudu weupe kama pamba wakishika matawi nawafuta kwa maji ya sabuni. Sipigi dawa ya dukani kwenye mti wa maua haya hata siku moja. Kikuba kinakaa kifuani, chini ya pua ya mtu, usiku mzima.

Rehani ndiyo rahisi kuliko yote, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Ukiiacha itoe vichwa vya mbegu, majani huwa madogo na makavu. Dokoa vichwa kila vinapochomoza. Ikate asubuhi umande ukishakauka, uisimamishe kwenye glasi ya maji kivulini mpaka jioni. Majani yatajaa maji na hayatanyauka upesi. Hii ndiyo peke yake katika maua ya kikuba ninayoiweka majini. Friji usiijaribu, inakuwa nyeusi.

Mlangilangi ukiuacha utakwenda juu kupita paa, na maua utayasikia kwa pua tu. Wangu niliukata kichwa ulipofika kimo cha mtu na nusu, matawi yakainama, sasa nachuma nikiwa nimesimama chini. Komoro, wanakochemsha maua haya kupata mafuta, nao huikata miti yao iwe mifupi. Ua la langilangi huanza kijani, na likiwa kijani halina kitu. Lisubiri mpaka liwe manjano na liwe na doa jekundu ndani, kwenye shina la petali. Lichume mapema asubuhi, maana jua likipanda harufu inaondoka nalo.

Kwenye mkadi watu wengi hupoteza miaka. Kuna mti dume na mti jike. Jike huzaa tunda linalofanana na nanasi, na halina harufu ya kikuba. Yale majani marefu meupe yanayonukia ni ya ua la dume. Kwa hiyo usipande mbegu. Nenda kwa mtu ambaye mkadi wake umeuona ukitoa ua, umwombe chipukizi la pembeni. Vaa nguo ya mikono mirefu, miba yake haina huruma.

Wakati wa kufunga, vitu vyote viwe mbele yako kabla hujashika uzi. Natandika majani matatu ya rehani kiganjani, juu yake ukanda wa mkadi wa urefu wa kidole, kisha petali mbili za langilangi nikizikunja kati ili zisipasuke. Asumini tano au saba nazizungusha mwisho. Tibu, ule unga wa manukato, naigusisha kwenye rehani tu, kwa sababu unga ukigusa asumini huiacha na madoa. Nafunga uzi mweupe wa pamba mara tatu, mkono mwepesi. Ukikaza unakata vikonyo, na hapo panapokatwa ndipo weusi unapoanzia. Koja la kutosha shingo linakula kama vitumba 100, basi chuma 130, maana vingine utavivunja kwa sindano. Sindano iwe nyembamba na ipite kwenye kikonyo, chini kidogo ya kitumba. Ukitoboa kitumba chenyewe hakitafunuka sawasawa.

Anayesafirisha maua kwa boti kwenda Dar es Salaam au Pemba achume alfajiri, afungashe kwenye jani la mgomba na kikapu cha ukili, na asitunge mpaka afike. Koja lililotungwa asubuhi huchubuka njiani.

Asubuhi ya pili asumini huwa imekwisha, hiyo naitoa na kuirudisha chini ya mti wake. Mkadi siutupi. Naukausha kivulini na kuuweka kati ya kanga ndani ya sanduku. Juzi nilitoa doti niliyoifungia humo tangu harusi ya mwaka jana, na mjukuu wangu aliyekuwa ukumbini akauliza nani anaolewa.