Uliza Ujibiwe: Msimbazi, fotokopi ya ramani na futari ya Kigoma

Mwanangu ameanza kidato cha kwanza, na daftari lake la jiografia limejaa "ya maumbile", "ya binadamu" na "ya vitendo". Sisi tulikariri mito na miji mikuu tukafaulu. Matawi haya yana kazi gani? – Mzazi, Tabora

Kukariri mito si jiografia, kama vile kukariri majina ya dawa si uganga. Jiografia inaanza pale unapouliza: kitu hiki kiko wapi, na kwa nini kiko hapo na si pale? Matawi ni njia mbalimbali za kulijibu swali hilo hilo.

Chukua Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Mto unateremka kutoka upande wa vilima vya Pugu. Ukifika Jangwani ardhi imekuwa tambarare, maji yanapoteza kasi, mchanga uliobebwa toka juu unatua na kina cha mto kinapungua. Ikinyesha mvua kubwa, maji hayana pa kwenda ila pembeni, majumbani mwa watu. Hiyo ndiyo jiografia ya maumbile. Ndani yake kuna vitawi: jiomofolojia inayoshughulika na sura ya nchi na huo mchanga, haidrolojia inayofuata maji, klimatolojia inayoihoji mvua yenyewe, na biojiografia inayouliza mikoko ya mdomoni mwa mto imeota pale kwa sababu gani.

Lakini mto haukumjengea mtu nyumba bondeni. Watu walijenga kwa sababu Kariakoo ni mwendo wa miguu na kodi ya bondeni ni nafuu. Hapo umeingia jiografia ya binadamu: makazi, idadi ya watu, uchumi, siasa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Kwa upande wa mto, tatizo limekwisha. Kwa mama anayeuza ndizi Kariakoo, tatizo jipya ni nauli. Mtaalamu anayejua tawi moja tu atakupa nusu ya jibu, na nusu hiyo ataitetea kwa nguvu zote.

Jiografia ya vitendo ndiyo zana za kazi: kusoma ramani, kupima ardhi, picha za setilaiti, takwimu. Bila mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, hutajua nyumba ipi iko mita mbili juu ya mto na ipi iko kumi.

Huwa nachanganya latitudo na longitudo. Nifanyeje? – Msomaji, Singida

Latitudo inakuambia uko umbali gani kaskazini au kusini mwa Ikweta, nayo inaishia nyuzi 90. Longitudo inakuambia uko umbali gani mashariki au magharibi mwa mstari wa Greenwich, nayo inafika 180. Latitudo huandikwa kwanza. Nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilomita 111 popote ulipo, ila nyuzi ya longitudo hupungua kadiri unavyokwenda kwenye ncha za dunia.

Kosa linalowaponza wengi si hilo la kuchanganya, ni kusahau alama. Dodoma ipo karibu na 6.2 Kusini, 35.7 Mashariki. Kwenye simu hiyo ni −6.2, 35.7. Ukiiacha alama ya kutoa, simu itakupeleka Ethiopia bila kukuuliza.

Tulipewa fotokopi ya ramani ya 1:50,000. Barabara nilipima sentimita 8.4, nikaandika kilomita 4.2, nikakosa. Kosa liko wapi? – Mwanafunzi, Iringa

Hesabu yako ni sahihi. Kwenye 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Tunachoshuku ni hiyo fotokopi. Mashine ikiipunguza ramani ili ienee kwenye karatasi ya A4, namba iliyochapwa chini inabaki ile ile ilhali ramani yenyewe imeshabadilika.

Kabla ya kupima chochote, weka rula kwenye mraba mmoja wa gridi. Miraba ya kilomita moja kwenye skeli hiyo inatakiwa iwe na upande wa sentimita 2 kamili. Ukikuta 1.6, ujue nakala imepunguzwa hadi asilimia 80, na skeli yake halisi sasa ni 1:62,500. Barabara yako basi ni 8.4 gawa kwa 1.6, yaani kilomita 5.25. Ndiyo sababu tunapendelea skeli ya mstari (ule mstari uliogawanywa kwa kilomita chini ya ramani) kuliko ya uwiano (namba kama 1:50,000): ule mstari hukua na kupungua pamoja na ramani, hivyo haukudanganyi.

Barabara yenye kona usiipime kwa rula. Chukua ukingo wa karatasi ulionyooka, ulaze kwenye kipande cha kwanza, tia alama kwenye kona, zungusha karatasi hapo hapo, endelea. Uzi nao unafaa, mradi usiwe wa kuvutika.

Na ukiulizwa eneo, usigawe kwa 2. Kwenye ramani isiyopunguzwa, kilomita moja ya mraba ni sentimita 2 mara 2, kwa hiyo unagawa kwa 4.

Wakati wa Ramadhani ndugu zetu wa Dar wanafuturu sisi bado tunasubiri, na saa zetu ni zile zile. Kwa nini? – Mfungaji, Kigoma

Saa ni zile zile kwa sababu za kiserikali, jua halikushauriwa. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, au nyuzi moja kwa dakika 4. Saa za Afrika Mashariki zimefuata longitudo ya 45 Mashariki, mstari ambao kwetu haupiti kabisa. Tanzania yote iko magharibi yake. Dar es Salaam iko karibu na 39.3, Kigoma karibu na 29.6. Tofauti ni nyuzi 9.7, zidisha kwa 4: jua la magharibi linachelewa kwenu karibu dakika 39. Sahur nayo mnaimaliza kwa kuchelewa vivyo hivyo, kwa hiyo hakuna aliyepunjwa.

Ukitaka kulihakikisha mwenyewe, fanya jaribio hili katikati ya Juni. Wakati huo saa ya jua na saa ya ukutani huwa hazihitaji masahihisho zaidi ya hayo ya longitudo. Miezi mingine zinaweza kuachana hadi kama robo saa kwa sababu mwendo wa dunia kuzunguka jua hauna kasi moja na mhimili wake umelala.

Simamisha fimbo iliyobaki mita 1 juu ya ardhi iliyosawazishwa. Inyooshe kwa timazi, yaani uzi wenye jiwe, kwa sababu fimbo iliyoinama kidogo tu huharibu kila kitu. Chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 70, fimbo ikiwa katikati. Anza kuangalia saa 5 asubuhi, kivuli kikiwa bado kiko nje ya duara. Kitafupika hadi ncha iguse mstari: andika saa. Kitaingia ndani, kisha baada ya mchana kitarefuka na kuugusa tena upande wa pili: andika saa. Katikati ya saa hizo mbili ndiyo adhuhuri yenu halisi. Kigoma itaangukia saa 7 mchana na dakika moja au mbili, si saa 6.

Wengi hujaribu kukisia kivuli kifupi kuliko vyote. Haifai. Karibu na adhuhuri kivuli hubadilika polepole mno, kwa jicho utakosea kwa dakika nyingi. Wala usifanye jaribio mwanzoni mwa Machi, maana jua huwa karibu utosini Kigoma na hutakuwa na kivuli cha kupima.

Kileleni Kilimanjaro mtu yuko karibu zaidi na jua. Mbona kuna barafu? – Msomaji, Mombasa

Jua liko kilomita milioni 150. Mlima wa mita 5,895 haupunguzi hata kilomita 6. Muhimu zaidi, hewa haipati joto lake moja kwa moja kutoka juani: jua hupasha ardhi, ardhi hupasha hewa iliyo juu yake. Kadiri unavyopanda unaiacha ardhi hiyo, hewa inakuwa nyepesi na joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Ikiwa pwani ni nyuzi 30, piga hesabu: 5.895 mara 6.5 ni kama 38, hivyo kileleni ni takriban −8.

Mlima huo huo unaeleza na mvua. Upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya kusini, unapanda, unapoa, unaangusha maji. Upande wa kaskazini unapata masalio. Ndiyo maana vihamba, yaani mashamba ya familia, vya migomba na kahawa vimejazana kusini.

Hali ya hewa na tabianchi si kitu kimoja? – Mwanafunzi, Tanga

Hapana. Mvua ya leo alasiri ni hali ya hewa. Tabianchi ni wastani wa hali hizo kwa muda mrefu, kwa kawaida miaka 30. Ukisema Tanga ina masika kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba, umetaja tabianchi. Mwaka mmoja vuli ikikosa, hiyo haijawa mabadiliko ya tabianchi.