Baridi ya Julai Haigandishi Pampu: Kwa Vijana Wapya wa Mabwawa ya Kuogelea Nairobi

Juni ikiingia tu, simu zinaanza. "Mkubwa, nilifunga bwawa kwa ajili ya baridi, sasa pampu inanguruma tu." Ukimhoji kijana taratibu, utakuta ametazama video ya mtu wa Canada akifunga bwawa lake, akafuata kila hatua kwa uaminifu, na kuharibu kifaa ambacho baridi ya Nairobi isingekigusa kamwe. Bidii hiyo naipenda. Kijana anayetafuta maarifa usiku kwa bando lake mwenyewe si wa kukemewa. Lakini nimechoka kuona mashine nzuri zikifa kila mwaka kwa sababu ile ile, kwa hivyo tuelewane.

1. Ijue baridi yako. Usiku wa Julai hapa hushuka hadi nyuzi 10 hivi, siku mbaya chini kidogo ya hapo. Maji huganda kwenye sifuri. Hofu ya wenzetu wa ughaibuni ina msingi: maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, na yakiwa yamefungiwa ndani ya pampu, filta au bomba, hayana pa kwenda ila kupasua. Ndiyo maana wao hushusha maji chini ya skima (lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu), hupuliza mabomba kwa kompresa, kisha huziba matundu kwa vizibo vya mpira. Wewe wa Kileleshwa huna sababu ya kufanya hata moja. Hata sakitu inayounguza majani chai kule nyanda za juu huja zaidi Januari na Februari, usiku mkavu usio na mawingu, wala si Julai. Anayehudumia bwawa lenye paneli za jua za kupasha maji huko Limuru au Nyahururu atoe maji kwenye paneli hizo jioni katika miezi hiyo, na inatosha.

2. Usikaushe bwawa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu niliyoyaona mtaa mmoja wa upande wa South C bado yananiuma.

Mvua za masika zilikuwa zimenyesha vizuri na ardhi ilikuwa bado imelewa maji. Kijana aliyeachiwa bwawa la wapangaji alisikia kwamba wakati wa baridi bwawa hutolewa maji ili mabomba yasipasuke. Keyateka akamwambia hakuna anayeogelea, endelea. Akaazima pampu ya maji machafu, akaiacha ivute usiku kucha hadi sakafu ikaonekana. Tena akasugua vigae, masikini, ili bosi akija akute pasafi.

Nilipofika, upande wa kina kirefu ulikuwa umeinuka. Vigae vilivyokuwa bado vimeshika, ukivigonga kwa mpini wa bisibisi vinatoa mlio wa uwazi. Kulikuwa na ufa uliokatiza sakafu kwa mshazari, kidole kinaingia, na maji yalikuwa yanapanda kutoka chini, machafu, yenye rangi ya ule udongo mweusi. Kijana alikuwa amesimama pembeni na ndoo, anayachota. Akaniambia, "Mzee, nilikuwa nalinda."

Piga hesabu nami. Bwawa la mita 10 kwa 5, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, lina mita za ujazo 75 za maji. Hizo ni tani 75 zinazolikalia sakafu mchana na usiku. Ukiziondoa wakati maji ya ardhini yako juu, kila mita moja ambayo maji hayo ya ardhini yamepanda juu ya usawa wa sakafu inasukuma kutoka chini kwa tani moja kwa kila mita ya mraba. Bwawa tupu ni mashua, na mashua huelea. Ongeza udongo mweusi, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na utaelewa kwa nini saruji ilikata. Mabwawa mengine yana valvu ndogo kwenye dreni kuu ya sakafuni inayofunguka yenyewe maji ya chini yakisukuma, lakini usiweke kazi yako rehani kwa valvu usiyowahi kuiona ikifunguka. Kama ni lazima kukausha kwa ukarabati, ngoja kiangazi, na umwite fundi achunguze maji ya ardhini kwanza.

Wenye nyumba walitaka kumkata mshahara. Niliwaambia wazi, na bado nasema: mtu aliyekabidhiwa mali ya mamilioni bila mafunzo hata ya siku moja hakulikosea bwawa peke yake. Ukipewa kazi ya bwawa, uliza nani atakufundisha kabla ya kuuliza funguo ziko wapi.

3. Pampu isilale. Kama ilikuwa inazunguka kwa muda wa saa nane kwa siku, punguza hadi saa tano au sita, kwa kuwa mwani hukua polepole maji yakiwa baridi. Usiifanye sifuri. Ikikaa wiki kadhaa, sili (inayozuia maji yasivuje kwenye shafti) inagandamana, beringi zinashika kutu, na mchanga wa filta unaanza kunuka. Ukiwasha ikanguruma bila kuzunguka, zima papo hapo. Nawaomba, acheni kuibofya bofya swichi, mnachoma koili za mota. Zima umeme kwenye meni, fungua kifuniko cha feni nyuma ya mota, zungusha shafti kwa mkono. Ikilegea, washa. Ikiendelea kunguruma, angalia kapasita, inayoipa mota nguvu ya kuanza.

Na mota usiifunike kwa nailoni eti isipigwe na baridi. Inahitaji kupumua, na unyevu utakaofungiwa humo ni adui mkubwa kuliko Julai nzima.

4. Ile alama ya msimu wa baridi kwenye valvu ya njia sita, ile yenye mpini juu ya filta, si yako. Hapo mpini hukaa katikati ya nafasi mbili ili gasketi isibanwe na maji yaliyobaki yapate mwanya. Inatumika pampu ikiwa imezimwa na mabomba yakiwa matupu. Vijana huuweka hapo, taima inawasha pampu saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, maji yanatorokea kwenye bomba la taka, kina kinashuka chini ya skima, pampu inavuta hewa na sili inaungua. Mwite mwenye bwawa baada ya hapo umweleze kuwa ulikuwa unakinga mitambo! Acha mpini kwenye alama ya filta. Na ukitaka kuugeuza kwa bekwoshi (kuosha filta kwa kurudisha maji nyuma) au lolote lile, zima pampu kwanza, kila mara.

5. Pima maji hata kama hakuna anayeogelea. Maji yakipoa hula saruji na shaba zaidi, na haya yetu yatokayo bwawa la Ndakaini ni laini, hayana kalisi ya kutosha. Weka pH kati ya 7.2 na 7.6, alkali kati ya 80 na 120 ppm (sehemu kwa milioni), na kalisi isishuke chini ya 200 ppm. Usipofanya hivyo, hita ndiyo italiwa kwanza, nayo bei yake unaijua.

Kwa wale mnaokwenda kufanya kazi hii ng'ambo, kwenye barafu ya kweli: huko geuza karibu kila nilichosema. Puliza mabomba, mwaga filta, mpini uweke kwenye ile alama niliyokukataza. Lakini hata huko bwawa halikaushwi lote, kwa sababu ile ile ya ardhi kusukuma. Mkiweka kizuiagandi (dawa ya kuzuia maji yasigande), kiwe cha propilini glaikoli, kile cha mabwawa, kamwe kisiwe cha redieta ya gari, ambacho ni sumu. Na vizibo vya pampu mkivifungua, viwekeni ndani ya kikapu cha pampu hiyo hiyo, ili atakayeifungua majira ya kuchipua avikute kabla hajawasha.